Kufaa na Kujijua: Suala la Mpira wa Gofu

Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi kumi na nne, na kila fimbo hutolewa kwa kazi yake kisha ikarudishwa begini. Mpira peke yake ndio unaoguswa na kila mkwaju, kuanzia ule wa kwanza kabisa hadi ule unaoutumbukiza shimoni. R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, wasimamizi wa sheria hizo, wameubana sana: uzito wake usizidi gramu 45.93, kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na kasi yake ya kuruka ina kikomo kinachopimwa maabarani. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo pana mamia ya aina zilizoidhinishwa, na mchezaji wa ridhaa anayeingia dukani hukuta kisanduku cha mipira kumi na miwili cha bei nafuu na kingine cha dola 50 au zaidi, vyote vikimwahidi jambo lile lile. Swali analomuuliza muuzaji ni moja: upi unanifaa? Nadai kwamba hilo ni swali la falsafa kabla halijawa swali la biashara, na kwamba wengi hulikosea kwa sababu hawajalisikiliza vizuri neno lenyewe.

Neno "bora" husimama peke yake. Tunasema embe bora, shule bora, mpira bora, na maana inakamilika bila kumtaja mtu. Kitenzi "kufaa" hakina uhuru huo. Ukisema mpira huu unafaa, msikilizaji bado anangoja: unamfaa nani, na kwa lipi? Lugha yetu imemtengea mtendwa nafasi katikati ya kitenzi, ndiyo maana twasema unanifaa, unakufaa, unamfaa. Badilisha silabi hiyo moja, na sentensi iliyokuwa kweli yaweza kuwa uongo. Methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki haimtambui rafiki kwa wingi wa sifa zake. Inamtambua kwa mtu mmoja aliyemfaa na kwa saa moja ya shida. Kufaa, basi, ni uhusiano, wala hakukai ndani ya kitu kama uzito ukaavyo ndani ya jiwe. Mpira unaweza kupimwa maabarani ukaishinda mipira yote kwa umbali na kwa mzunguko, na swali la kufaa likawa bado halijaanza kujibiwa, kwa sababu upande wa pili wa uhusiano, yaani mchezaji mwenyewe, haujaletwa mezani.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, na mfano alioutumia ni wa mwanamichezo. Ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, anasema, mwalimu wa mieleka hataagiza sita kwa sababu tu sita iko katikati. Sita ni haba kwa Milo wa Krotoni, bingwa wa mieleka wa Olimpia, na ni kupita kiasi kwa kijana anayeanza mazoezi. Kiasi kilicho sawa hutafutwa kwa kumtazama mlaji. Mapokeo ya dini tunazoziishi Afrika Mashariki yanafika pahali hapo kwa njia zao. Qurani, mwishoni mwa sura ya Al-Baqara, inafundisha kwamba Mungu haitwishi nafsi mzigo uupitao uwezo wake. Katika mfano wa talanta wa Injili ya Mathayo, bwana anawagawia watumwa wake mali kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, na yule aliyepewa mbili akazalisha mbili anasifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa nayo yule wa tano. Hakuna mahali katika mfano huo ambapo wa mbili analaumiwa kwa kutopewa tano, na wala yeye hajifanyi kuwa nazo.

Sasa tumtazame mlaji wetu. Mwaka 2019 wanaume wa ridhaa waliopimwa na R&A katika viwanja vya Uingereza walikuwa na wastani wa karibu yadi 216 kwa mkwaju wa kuanzia; mwaka huo huo wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani walikuwa na wastani wa karibu yadi 294. Kichwa cha fimbo ya mtaalamu huufikia mpira kwa kasi ya maili 113 hadi 115 kwa saa, cha mwanamume wa kawaida wa ridhaa kwa takriban 93. Mpira ni kitu kinachobonyea. Hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, na katika muda huo hubanwa, hujirudi umbo, na kuondoka na kasi na mzunguko vinavyotegemea nguvu iliyoubana. Ndiyo kusema mpira ule ule, kutoka kisanduku kile kile, hautendi vilevile mbele ya watu wawili hawa. Watunga sheria wenyewe wamelikiri hili kwa tarakimu. Desemba 2023 walitangaza kwamba kipimo cha umbali kitabadilishwa, na kasi ya kichwa cha fimbo maabarani ipandishwe kutoka maili 120 hadi 125 kwa saa, na wakakadiria kwamba wapigaji wa masafa marefu kuliko wote watapoteza yadi 13 hadi 15 ilhali wachezaji wengi wa kujifurahisha watapoteza zisizozidi 5. Sheria moja, mpira mmoja, hasara mbili tofauti. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba ubora wa mpira haumalizikii ndani ya ganda lake.

Na ganda hilo lina historia inayostahili kusemwa, kwa maana ndiko kishawishi kilikozaliwa. Mipira ya kale ya Uskoti ilikuwa ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya. Mwaka 1848 ukaja utomvu mgumu wa gutapacha, na mwaka 1898 Coburn Haskell wa Ohio akabuni kiini kilichozungushiwa nyuzi za mpira. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wataalamu walitumia mipira ya nyuzi hizo iliyofunikwa balata, ganda laini lililoushika mpira kwenye uso wa fimbo na kuupa mzunguko mkubwa. Watu wa ridhaa wakauziwa mipira ya vipande viwili, yenye kiini kizima na ganda gumu la Surlyn, plastiki ya aina ya ayonoma, iliyokwenda mbali na kudumu. Kila mtu aliujua mpira wake. Zaidi ya hapo, mpira wa balata ulikuwa mwalimu mkali: mkwaju uliokosewa, ukingo wa fimbo ukaugonga mpira katikati, uliupasua, na mwenye mpira aliuona ufa huo kwa macho yake na kuulipia. Ndipo ukafika mwaka 2000. Mwezi Juni Tiger Woods alishinda US Open pale Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15 akitumia mpira wa kiini kizima, na Oktoba kampuni ya Titleist ikawapa wataalamu mpira wa Pro V1, wenye kiini kizima na ganda jembamba la yurethani, unaokwenda mbali kama mpira mgumu na kushika grini kama balata. Katika miaka michache mipira ya nyuzi ikatoweka. Tangu hapo mtu yeyote mwenye fedha aweza kutia mfukoni mpira wa bingwa, wala mpira huo haupasuki upesi kumwambia kwamba alichopiga si alichokusudia. Kifaa kilichokuwa kikisema ukweli kimenyamaza, na kazi ya kusema ukweli imemwangukia mchezaji peke yake.

Kazi hiyo ni ngumu zaidi ya inavyodhaniwa, kwa kuwa hata wajuzi hawamrahisishii. Kampuni ya Bridgestone kwa miaka mingi imewapimia watu mipira kwa kuanzia na kasi ya mkwaju mrefu, ikishikilia kwamba asiye na kasi anahitaji mpira unaobonyea kwa urahisi. Titleist husema kinyume: anza kwenye grini urudi nyuma, kwa sababu hapo karibu na shimo ndipo mipira inapotofautiana, na ulaini ni suala la mguso wa mkono tu. Mtu akisikiliza kijuujuu atadhani mmoja wao anadanganya. Ukweli ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake. Katika mkwaju mrefu wa mtu mwenye kasi ya wastani, mipira mizuri hupishana kwa yadi chache. Katika mkwaju mfupi wa yadi 30, ganda la yurethani na ganda gumu la ayonoma ni kama mbingu na ardhi: la kwanza hudunda mara moja na kutulia, la pili hutua na kuendelea kuviringika. Lakini Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyechambua mikwaju kwa mamilioni, alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji hodari na dhaifu hutokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimoni. Weka mambo mawili haya pamoja na utaona neno zito: mahali ambapo mpira una nguvu ya kusaidia, na mahali ambapo mchezaji wa ridhaa anavuja zaidi, si mahali pamoja. Mzunguko nao una pande mbili. Unaousimamisha mpira kwenye grini ndio huo huo, mhimili wake ukiinama kwa sababu uso wa fimbo ulikuja umefunguka, unaoupeleka mpira vichakani upande wa kulia. Anayeuchagua mpira wa mzunguko mwingi kwa ajili ya grini asiyoifikia amenunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Kwa hiyo hakuna fomula inayoweza kumvua mtu wajibu wa kujijua. Na kujijua, wanadamu hatukupewa kwa wepesi. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mchezaji wa gofu ana sababu za pekee za kutoliona. Mkwaju mmoja uliopigwa sawasawa hukaa kumbukumbuni mwezi mzima. Kumi na tano iliyopotoka husahaulika kabla ya chai. Hata kipimo rasmi kimetengenezwa kuegemea upande wa matumaini: mfumo wa dunia wa handikapu, ulioanza mwaka 2020, huchukua raundi nane bora kati ya ishirini za mwisho. Hilo ni sawa kwa kazi yake, maana handikapu imekusudiwa kulinganisha uwezo wa watu wanaposhindana. Hatari huanza mtu anapoichukua namba hiyo kuwa ndiye yeye. Raundi kumi na mbili zilizoachwa nje ni zake pia, alizitembea kwa miguu yake, na mpira atakaoununua utachezwa humo mara nyingi zaidi kuliko katika zile nane.

Hapa ndipo mazoea ya kiroho yana la kutufundisha, na nalisema bila kulazimisha. Waislamu wana muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake mwenyewe kabla haijahesabiwa; Imam Ghazali aliuandikia kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihyaa. Wakatoliki wana zoezi la kuchunguza dhamiri, ambalo Ignatius wa Loyola aliwaachia wafuasi wake lifanywe kila siku. Mazoea yote mawili yanakubaliana juu ya jambo ambalo wanasaikolojia walilifikia baadaye sana: nafsi ikiulizwa kwa ujumla hujisifu, ikiulizwa jambo moja moja hukiri. Usiulize, je, mimi ni mpigaji mzuri? Uliza, leo mkwaju wa pili katika shimo la saba ulitua wapi? Mipira mingapi ilipotea? Mara ngapi nilikuwa ndani ya yadi 40, na mara ngapi mpira ulibaki kwenye grini? Mtu akiyaandika haya kwa raundi kadhaa, au akamwomba mwenziwe anayecheza naye ayaandike, swali la mpira karibu linajijibu lenyewe. Nasisitiza mwenziwe. Jicho halijioni, na katika gofu anayebeba begi lako mara nyingi anaujua mchezo wako kwa usahihi ambao wewe huna.

Pingamizi la kwanza ninaloliona kuwa zito linatoka kwa wale wanaosema kwamba imani yenyewe ni sehemu ya mchezo. Wana ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Köln walichapisha jaribio ambamo watu waliviringisha mpira kuelekea shimoni mara kumi. Walioambiwa kwamba mpira wao ni wa bahati walifunga takriban sita na nusu, na wale ambao hawakuambiwa hivyo chini kidogo ya tano. Mwaka uliofuata watafiti wa Virginia waliwapa wanafunzi fimbo moja, baadhi wakaambiwa iliwahi kuwa ya Ben Curtis, bingwa wa The Open wa mwaka 2003. Hao waliliona shimo kuwa kubwa zaidi na wakafunga mipira mingi zaidi. Ikiwa ndivyo, mtetezi atauliza, kwa nini tumnyang'anye mchezaji mpira wa bingwa? Akiamini kwamba anacheza na mpira wa mabingwa atacheza vizuri zaidi, na imani yake itakuwa imejithibitisha. Mwanafalsafa William James alitetea jambo la jinsi hii katika mhadhara maarufu wa mwaka 1896: yako mambo ambayo hayawi kweli mpaka mtu ayaamini kwanza.

Lichukuliwe kwa uzito, na lijibiwe kwa hatua. Jaribio la Köln lilirudiwa na watafiti wa Marekani mwaka 2014 kwa watu wengi zaidi, na tofauti ile haikuonekana. Kwa hiyo msingi wake si imara kama ulivyosifiwa. Hata tukiukubali, majaribio yote mawili yalihusu kuviringisha mpira umbali mfupi, ambapo utulivu wa moyo una nafasi kubwa na aina ya mpira ina nafasi ndogo sana. Hayatuambii chochote juu ya mkwaju wa yadi 200 unaopinda. Lakini jibu langu kubwa linatoka kwa James mwenyewe. Yeye hakuruhusu imani ishike usukani kila mahali. Aliiruhusu pale ambapo uamuzi hauepukiki, ni wa uzito mkubwa, na akili haina njia ya kuukata kwa ushahidi. Suala letu halitimizi sharti hilo la mwisho: ushahidi upo, uko kwenye kadi za matokeo na kwenye nyasi ndefu, na unapatikana kwa penseli. Imani inayodumu kwa sababu ushahidi haupo ni jambo moja. Inayodumu kwa sababu mtu amekataa kuutazama ni jingine kabisa, na dini zote ninazozijua hulipa jambo hilo la pili jina baya. Kuna pia utulivu unaotokana na ukweli. Anayeujua mpira wake, anayejua kwamba utatua na kuviringika hatua kumi, husimama mbele yake bila wasiwasi, na utulivu huo hauvunjwi na mkwaju mmoja mbaya kama uvunjwavyo ule wa kujidanganya.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi, na nakiri kwamba linanivuta. Linasema: unamfunga mtu katika jana yake. Nani aliyewahi kukua kwa kujipima na alivyo? Mwalimu humpa mwanafunzi kitabu kilicho juu kidogo ya uwezo wake. Mzazi humnunulia mtoto sare ya shule inayomzidi, mikono ikakunjwa, kwa sababu anajua mwili unakuja. Na nia, ambayo mafundisho ya dini yameiweka mwanzoni mwa kila tendo, hutazama mbele daima. Kwa nini mchezaji asinunue mpira wa mchezaji anayetaka kuwa?

Mfano wa sare ni mzuri, ila tuufuate hadi mwisho wake. Mzazi hanunui sare kubwa kwa matumaini matupu. Ameuona mwaka uliopita, amepima suruali iliyomfika mtoto juu ya kifundo, na anajua umri wa miaka tisa unavyokwenda. Kuongeza kwake kuna kipimo: vidole vichache vya pindo, wala si suruali ya baba. Mtu mzima anayechagua mpira wa kesho anadaiwa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Ikiwa kila wiki anatumia saa moja kufanya mazoezi ya mikwaju mifupi, ikiwa mwaka huu anapoteza mpira mmoja pale alipopoteza minne mwaka jana, basi ganda la yurethani ni sare yake yenye pindo, na nitamwambia alinunue leo, maana hawezi kujifunza kuusimamisha mpira kwa mpira usiosimama. Hapo nia na tendo vimeshikana mikono. Lakini anayenunua mpira huo ili ununuzi wenyewe uchukue nafasi ya mazoezi amefanya biashara na taswira yake, na taswira hailipi. Kutamani kukua kunaanza kwa kujua urefu ulio nao, ama sivyo hutajua hata ukishakua. Hoja ya kujijua haimfungi mtu katika jana. Inampa pahali pa kusimama anapoinua mguu.

Pingamizi la tatu ndilo linalotamkwa mara nyingi: jambo lenyewe ni dogo. Mipira inapishana kidogo, mchezaji wa ridhaa hapigi vilevile mara mbili mfululizo, afadhali achukue wowote akafanye mazoezi. Nusu yake nakubali, na nimeshaonyesha kwa takwimu za Broadie kwamba mpira hautibu sehemu kubwa ya tatizo. Hata hivyo, udogo wa tofauti ni sababu ya kutolipa ziada, na si sababu ya kuchagua bila kufikiri. Mtu anayebadili aina ya mpira kila shimo, huu aliouokota, ule aliopewa zawadi, anajinyima njia pekee ya kujua kama mkwaju uliopitiliza ulikuwa kosa lake au tabia ya mpira. Wataalamu katika mashindano mengi hulazimishwa kwa kanuni kutumia aina moja raundi nzima. Mtu wa ridhaa halazimishwi, na kwa sababu hiyo anapaswa kujilazimisha. Mazingira nayo yaingie hesabuni. Pale Muthaiga, Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huongeza umbali wa mkwaju kwa takriban asilimia 6 na kuufanya mpira upinde pungufu ya mazoea ya pwani. Nyasi na ardhi ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa nzito na upepo wa kusi, zinauliza maswali mengine. Mpira uliomfaa mtu huko juu wakati wa mvua, udongo ukiwa laini na kila mpira unasimama, huenda usimfae kiangazi penye ardhi ngumu.

Kuhusu bei sina mengi. Kwa nchi zetu, ambako karibu kila mpira mpya umetoka ng'ambo na umelipiwa ushuru, kupoteza minne kwa raundi si mzaha, na ile iliyookotwa vichakani na kuuzwa tena ikiwa safi inatosha kabisa kwa mwenye kuipoteza. Ila udogo wa jambo una maana nyingine inayonigusa zaidi. Katika mambo makubwa tuna mashahidi wengi: mwajiri, hakimu, mwenzi wa ndoa, daktari. Wote hao hutulazimisha kuwa wakweli hata tusipotaka. Mbele ya rafu ya mipira hakuna anayetazama, hakuna atakayeadhibu, na hakuna atakayejua kwamba mtu alijinunulia sifa asiyokuwa nayo. Ukweli unaosemwa mahali kama hapo, pasipo shahidi wala malipo, ni wa mtu mwenyewe kabisa, na sioni kwa nini tuudharau kwa kuwa umesemwa juu ya kitu cha gramu 45.

Hukumu yangu, basi, kwa aliye tayari kuisikia, ni hii. Anayemaliza raundi kwa mikwaju 95 au zaidi, akipoteza mipira kadhaa na kuifikia grini kwa mpira unaoviringika, achukue mpira wa vipande viwili wenye ganda la ayonoma, achague ulaini kwa mguso wa mkono wake, na autumie bila aibu yoyote. Anayeufanyia mazoezi mkwaju mfupi na kuutunza mpira wake uwanjani achukue wa yurethani, na si lazima uwe ule wa bei ya juu kabisa. Yeyote kati yao akishachagua, akae na aina hiyo moja msimu mzima. Na wewe msomaji, kabla hujanunua kisanduku kijacho, zitoe kadi zako ishirini za mwisho na uziweke mezani. Anza kuzisoma zile kumi na mbili ambazo handikapu haikuzihesabu.